Habari za Springi na Mkanda katika Njia za Kilwa

Mwenye kuandika habari za gari hutanguliza injini, kama mwenye kuandika habari za jahazi atangulizavyo tanga. Jambo hili lina haki yake, maana pasipo nguvu hapana mwendo. Lakini mwendo peke yake si safari. Safari ni kuondoka na kufika, na mwenye kufika sharti afike mzima. Kati ya kuondoka na kufika kuna vyombo viwili visivyosukuma gari hata hatua moja, ila humhifadhi aliyemo: springi, ipokeayo mshindo wa njia, na mkanda wa usalama, umzuiao mtu asirushwe gari linapogota. Insha hii yakusudia kueleza habari za vyombo hivi katika nchi ya Kilwa, toka pwani ya Kivinje na Masoko hadi bara ya Likawage: vilikotoka, vinavyougua, na vinavyotibiwa. Yakusudia pia kuuliza swali moja ambalo historia hii hulizaa yenyewe: kwa nini springi ikivunjika hutengenezwa siku ile ile, na mkanda ukiharibika husahauliwa kwa miaka?

Likawage iko bara ya Wilaya ya Kilwa, katika Mkoa wa Lindi, nchi ya miombo na mpingo, ya mihogo na ufuta. Ni mahali ambapo gari hufika kwa njia ya udongo, na ambapo njia hiyo hubadilika tabia mara mbili kwa mwaka: kiangazi huwa vumbi na makorongo, masika huwa tope na maji. Yafaa historia ya vyombo hivi isomwe kutoka mahali kama hapa. Mjini, gari likiugua, mwenyewe hulikabidhi kwa fundi akaenda zake, asijue ugonjwa wala dawa. Bara, gereji ni kivuli cha mwembe, na abiria wote huwa mashahidi wa matibabu. Huko ndiko maneno ya ufundi yanakotumika mbele ya watu, na maneno, kwa mtu wa lugha, ni nyaraka.

Tuanze basi kwa maneno. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana: kunesa na kunepa. Kitu kinachonesa huinama kwa uzito kisha hurudi, kama ufito mbichi au ubao wa jahazi. Kitu kinachonepa huinama kikabaki kimeinama, kama kitanda cha kamba zilizochoka. Siha yote ya springi imo katika vitenzi hivi viwili: springi nzima hunesa, springi mbovu hunepa. Neno lenyewe la springi tumelipokea kutoka Kiingereza, ingawa kamusi zetu zinalo neno kamani, ambalo watu wa kale walilitumia kwa springi ya saa na ya bunduki. Mafundi wa gari hawakulichukua neno kamani, wakachukua springi. Lakini kunesa na kunepa vilikuwapo tayari vikingoja kazi.

Navyo vilikuwa na kazi kabla ya gari. Mtu aliyebeba mizigo miwili kwa mzegazega, mti ulazwao begani wenye mzigo huku na huku, alijua ya kuwa mti mgumu usionesa humuumiza bega, na mti mlegevu unaonepa huikokota mizigo chini. Alichagua mti wa katikati, akaenda kwa hatua zilizopatana na mneso wake. Mwenye kubeba kichwani aliweka kata ya majani au nguo iliyosokotwa, ili ugumu wa mzigo usikutane na ugumu wa fuvu. Na mama aliyemfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko alifanya jambo jingine: hakulainisha mshindo, bali alimuunganisha mtoto na mwili wake, ili mama akijikwaa mtoto asianguke peke yake. Kata na mzegazega ni jamaa ya springi. Mbeleko ni jamaa ya mkanda. Hivyo fikira zote mbili zilikuwa za kale katika nchi hii. Kilichokuwa kigeni ni gurudumu na mwendo wa kasi.

Gurudumu lilichelewa kwa sababu inayojulikana. Nchi ya nyuma ya Kilwa ni nchi ya mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe na farasi. Pasipo mnyama wa kukokota, gari la kukokotwa halina maana. Kwa hiyo misafara ya karne ya 19, iliyotoka Kilwa Kivinje kuelekea Ziwa Nyasa, ilikwenda kwa miguu, na mizigo ilikwenda kwa vichwa na mabega. Haipasi kusahau ya kuwa wengi walioteremka pwani kwa njia zile hawakuwa wachukuzi wa hiari. Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa hata mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash wa Unguja na Waingereza ulipoikataza biashara hiyo baharini. Njia ambazo leo malori huzipita zilikanyagwa kwanza na nyayo za watu, na wengine miongoni mwao walikuwa na minyororo.

Gari la moto la kwanza kuivuka Afrika toka bahari hata bahari liliondokea pwani yetu. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, alitoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Safari ile ilichukua siku 630. Mwenye kuigawa hesabu hiyo ataona ya kuwa msafara wa miguu usingalishindwa vibaya na gari lile. Wakati Graetz akiondoka, nchi ya Kilwa, Umatumbi na Ungindo ilikuwa ingali majivu. Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905 vilikuwa vimezimwa, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Watu wa nchi hii hawakuwa na haja ya kulitazama gari kwa mshangao. Walikuwa wakitafuta chakula.

Walilijua gari kwa karibu zaidi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliitwaa Kilwa, wakaifanya mlango wa kuingilia bara. Mapigano makali yakafuata Kibata, kisha Narungombe mwezi wa Julai 1917, kisha Mahiwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Katika vita vile magari mepesi ya Ford yalitumika pale njia iliporuhusu. Pale isiporuhusu, na mara nyingi haikuruhusu, kazi ilirudi kwa wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vya Afrika Mashariki kwa maradhi, njaa na uchovu. Hii ndiyo hesabu ya kwanza ya springi katika nchi yetu: kila lilipokwama gari, mtu alibeba.

Inafaa sasa kueleza chombo chenyewe. Springi ya lori ni mabapa kadhaa ya chuma cha pua yaliyopindwa na kulazwa moja juu ya jingine, refu juu na fupi chini, yakashikwa katikati kwa bolti moja na kufungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Mafundi huliita kila bapa pleti. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za namna hii kwa magari ya farasi mwaka 1804, na magari ya moto yakazirithi. Kanuni yake ilikwisha kuelezwa na Robert Hooke mwaka 1678: kadiri uzito unavyozidi, ndivyo chuma kinavyonyumbuka, kwa ulinganifu, maadamu hakijapita kikomo chake. Kikipita kikomo, hakirudi. Kabla ya kikomo ni kunesa. Baada ya kikomo ni kunepa, au kuvunjika.

Lakini springi peke yake haitoshi, kwa kuwa iliyopigwa na shimo hunesa, na ikisha kunesa huendelea kupanda na kushuka, na gari likawa mtumbwi. Hivyo huwekwa shokapu, bomba lenye mafuta ndani, ambalo hulazimisha mafuta yapite katika vitundu vyembamba na hivyo kuutuliza mtikisiko. Springi hupokea, shokapu hutuliza. Kati ya chuma na chuma huwekwa bushi za mpira ili visisagane, na magurudumu ya mbele hushikwa kwa boljointi zinazoruhusu kupanda, kushuka na kugeuka. Magari madogo ya leo aghalabu hutumia springi ya koili badala ya mabapa, lakini sheria ni ile ile.

Zama za Waingereza zilipoendelea, Jimbo la Kusini lilibaki nyuma katika barabara. Masika njia ya kwenda kaskazini ilifungwa na Rufiji na mito midogo yake, na mwenye haja alisafiri kwa bahari. Kisha ukaja mpango mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao huku kusini makao yake yalikuwa Nachingwea. Karanga hazikuota kwa kadiri iliyotarajiwa, na fedha nyingi za Uingereza zikapotea. Lakini mpango ule ulileta bandari ya Mtwara, reli ambayo baadaye iliondolewa, na mitambo mingi iliyohitaji mikono ya kuiendesha na kuitengeneza. Vijana wengi walijifunza udereva na ufundi katika kazi zile. Mwaka 1948 Land Rover likatokea huko Uingereza, gari la springi za mabapa mbele na nyuma, na punde likawa gari la bwana shamba, la mganga na la bwana misitu. Pamoja na Bedford, liliwafundisha mafundi wetu somo moja: chombo kinachoweza kufunguliwa kwa spana chache na kufungwa tena chini ya mti hudumu kuliko chombo kizuri kisichofunguka.

Ufundi uliozaliwa humo una utaratibu wake, nao unastahili kuandikwa kama unavyoandikwa uganga. Fundi huanza kwa macho. Huliweka gari mahali pa sawa, likiwa halina mzigo, akasimama nyuma yake akatazama kama limenepa upande. Hupima kwa shubiri toka ukingo wa bodi hata tairi, kulia na kushoto. Kisha huinama akatazama pleti moja moja. Ufa mpya hung'aa, ufa wa zamani umeshika kutu. Aghalabu pleti hukatika katikati, karibu na tundu la bolti, kwa kuwa hapo chuma kimepungua na nguvu hukusanyika. Ikiwa bolti ya katikati ndiyo iliyokatika, ekseli husogea mahali pake, na gari huenda upande kama kaa. Mwenye kulifuata nyuma hulijua kabla ya dereva.

Baada ya macho, masikio. Gari huendeshwa polepole juu ya vijituta. Mgongo mmoja mkavu kila tairi ipandapo huashiria bushi iliyokwisha. Mgongo wakati wa kushika breki huashiria mkono wa mbele uliolegea. Mkwaruzo mrefu kama mlango usiotiwa mafuta ni wa pleti kavu. Kisha mikono. Fundi huikandamiza kona ya gari kwa uzito wake wote, akaiachia. Ikipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Ikibembea mara ya pili na ya tatu, imekufa, na yawezekana mafuta yake yameonekana yakitiririka nje. Huinua tairi kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa: likicheza, boljointi au beringi imelegea. Hulishika kulia na kushoto: likicheza, ni vyuma vya usukani. Mwisho husoma tairi lenyewe. Tairi lililolika mabaka mabaka lashuhudia shokapu mbovu. Lililolika upande mmoja lashuhudia magurudumu yasiyonyooka.

Matibabu nayo yana adabu. Ya kwanza ni kutoingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Sharti liegemezwe juu ya magogo au vyuma imara, kwa kuwa jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Pleti mpya iwe na unene na upana wa ile iliyotoka. Yu-bolti zikazwe sawasawa, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo zikazwe tena, kwa sababu pleti hujipanga upya. Shokapu zibadilishwe mbili mbili, maana moja mpya na moja kuukuu hulifanya gari lichechemee. Na springi ya koili isifunguliwe pasipo kibano chake, kwani iliyobanwa ina nguvu ya kuua.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 magari yaliongezeka, na baada ya mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani, kisha vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vipuri vikawa adimu kama mvua ya Agosti. Wakati huo ndipo mafundi walipoonyesha upeo wa akili zao. Bushi zilichongwa katika matairi makuukuu. Pleti ya gari moja ilikatwa ivae gari jingine. Springi iliyonepa ilipashwa moto ikapigwa nyundo kurudishiwa upinde wake. Twastahili kuzisifu kazi hizi, lakini sifa isitufumbe macho. Chuma cha springi hupata sifa yake kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafula, na kupashwa tena kwa kipimo. Mwenye kukipasha kwa makaa na kukiacha kipoe chenyewe hukirudishia umbo bila kukirudishia nguvu. Kitanepa tena, na upesi zaidi. Nayo pleti iliyokufa kabisa haikutupwa. Mhunzi aliifua ikawa panga, ikawa jembe, ikawa tezo ya kuchongea mtumbwi, na hata leo wahunzi hupenda chuma hicho. Hivyo chuma kilichobeba mazao barabarani humaliza maisha yake kikilima shamba.

Biashara huru ya miaka ya 1980, hasa tangu mwaka 1984 na 1986, ilifungua mlango wa vipuri na wa magari yaliyokwisha kutumika Japani. Dhiki ya vipuri ikapungua. Ukaja mtihani mwingine. Mwenye gari la abiria au la mizigo hupenda kubeba zaidi ya kadiri, na springi isipokubali huongezewa pleti. Gari hilo halinepi tena, lakini wala halinesi. Mshindo ambao springi ingaliupokea huhamia kwenye chasisi, ikapasuka. Na breki, ambazo hakuna aliyeziongezea kitu, hubaki zile zile kwa mzigo mkubwa zaidi. Springi ngumu huficha uzito machoni pa askari wa barabarani, haiufichi mbele ya mteremko. Hapa ndipo ufundi unapoweza kugeuka kuwa adui wa abiria, na hapa ndipo habari ya mkanda inapoingia.

Mkanda wa usalama ni mdogo wa springi kwa umri. Mikanda ya kufunga kiunoni ilijulikana kabla, lakini mkanda tunaoujua leo, uvukao kifua na kiuno na kufungwa mahali pamoja, uliundwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden, aliyetoka kwenye kazi ya viti vya kurusha marubani na kuingia kampuni ya Volvo. Ulianza kuuzwa ndani ya magari mwaka 1959. Kampuni ile iliuacha uigwe na kila mwenye kutaka, jambo lisilo la kawaida katika biashara. Jimbo la Victoria, Australia, ndilo lililotangulia kuulazimisha kwa sheria, mwishoni mwa mwaka 1970. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa mkanda waweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliyemo garini hata kufikia nusu.

Mkanda nao huugua, na ugonjwa wake una dalili. Mafundi wetu wengi hawajafundishwa kuutazama, basi na tuueleze. Uvute wote utoke kwenye kisanduku chake, uutazame pande zote. Uzi uliochakaa pembeni, mahali palipokatika hata kidogo, rangi iliyopauka kwa jua, yote ni maonyo. Kisha uvute ghafula: sharti ushike papo hapo. Usiposhika, kisanduku ni kibovu. Ukishika daima hata uvutwapo taratibu, usikimbilie kukivunja: ndani yake mna kipimo kinachohisi mwinamo, na gari lililoegeshwa mlimani, au kisanduku kilichofungwa upande, hushika kwa haki. Liweke gari mahali pa sawa ujaribu tena. Mkanda usiorudi wenyewe aghalabu umebeba vumbi, nalo vumbi la njia za bara si haba. Uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaukie kivulini. Usitiwe petroli wala dawa ya kuondolea madoa, kwa maana hudhoofisha nyuzi. Bizimu isiyoshika ulimi wake huenda imemeza mchanga au sarafu. Ipulizwe, isitiwe grisi. Bolti zinazoushikilia mkanda sakafuni zikaguliwe kutu, hasa kwa magari yanayolala pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma kimya kimya.

Yako mambo matatu ambayo fundi asiyafanye kabisa. Asiushone mkanda uliokatika, maana uzi wa cherehani haubebi uzito wa mtu anayerushwa. Asiurudishe kazini mkanda uliokwisha kumwokoa mtu katika mgongano, kwa kuwa umekwisha kunyumbuka kupita kikomo chake. Nao sharti ubadilishwe. Na asifungue kisanduku cha gari la kisasa lenye baruti ndogo ya kukazia mkanda, kwa kuwa inaweza kulipuka mikononi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Springi ikivunjika, gari husimama au hulia. Abiria hunung'unika, mzigo huchelewa, fedha hupotea, basi hutengenezwa. Mkanda ukikatika, gari haliharibiki mwendo, halilii, wala halimcheleweshi mtu. Kinachozuia safari hutengenezwa leo, na kinachookoa maisha tu hungoja kesho. Tabia hii haikuzaliwa na upumbavu. Ilizaliwa na historia. Kwa miaka mingi njia za Kilwa zilikuwa mbovu, na ubovu wake ulikuwa breki. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa katika makorongo huumiza mgongo, lakini huua kwa nadra. Katika zama zile springi ndiyo iliyokuwa mlinzi wa abiria, na mkanda ulionekana pambo.

Zama zile zimebadilika. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa juu ya Rufiji, likaondoa utumwa wa kivuko cha Ndundu. Lami ikaendelea kushuka kusini hata kipande kigumu cha Ndundu hadi Somanga kilipokamilika, na safari iliyokuwa ya siku ikawa ya saa. Hakuna mwenye akili asiyeishukuru lami. Lakini lami ilipofika, mwendo ulipanda, na hesabu ya hatari ikabadilika. Gari lendalo kilomita 20 kwa saa likigota ghafula, aliyemo hupata mshindo wa mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu, yaani pungufu ya kimo chake mwenyewe. Kwa kilomita 50, ni kama mita 10. Kwa kilomita 80, ni kama mita 25, yaani mnazi mrefu. Hapana mgema wa Kivinje atakayekubali kuachia mikono juu ya mnazi; lakini abiria huachia kila siku, kwa sababu anauona mwendo kwa ulalo, haoni kimo.

Serikali zimejaribu kuijaza nafasi hii. Tanzania inayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 pamoja na marekebisho yake. Kenya ilipata kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na ambazo watu waliziita Sheria za Michuki kwa jina la Waziri John Michuki. Kila kiti cha matatu kilitakiwa kuwa na mkanda, na mwendo usizidi kilomita 80. Yaliyotokea huko ni funzo. Mikanda ilifungwa kwa wingi na kwa haraka, na abiria wakalalamika ya kuwa ni michafu na kwamba huvaliwa askari anapoonekana mbele. Sheria yaweza kuuleta mkanda garini. Haiwezi peke yake kuufanya uwe mzima, wala kuupitisha kifuani mwa mtu.

Wala bara haijatoka katika zama za springi. Gari lile lile litokalo Likawage huanza safari yake katika udongo na kuimaliza katika lami: asubuhi lahitaji springi, alasiri lahitaji mkanda. Wala lami yenyewe si ya milele. Mwezi wa Mei 2024 Tufani Hidaya ilipopiga pwani yetu, mafuriko yalikata barabara kuu ya kusini katika Wilaya ya Kilwa, na magari yakalala pande mbili za maji. Nchi ya namna hii haiwezi kuchagua kati ya vyombo hivi viwili. Hapana budi ivitunze vyote kwa macho yale yale.

Wazee husema ajali haina kinga. Methali hii ina heshima yake: yamfariji aliyefiwa, na yamzuia jirani asimlaumu aliyekwisha kuadhibiwa na msiba. Ni dawa ya baada ya ajali. Kosa ni kuifanya chakula cha kabla ya ajali. Wazee hao hao walisema tahadhari kabla ya hatari, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mama zao hawakuacha kukaza mbeleko kwa hoja ya kuwa kuanguka hakuna kinga. Fundi akagongaye springi kwa nyundo na kusikiliza sauti yake akichukua dakika moja zaidi, auvute na mkanda kwa ghafula kusikia kama unashika, atakuwa ameunganisha ujuzi wa baba zake na ujuzi wa zama zake. Springi hulalamika ikiumwa. Mkanda hufa kimya. Chombo kisicho na sauti chahitaji mtu wa kukisemea.